JOULE: MPIKA BIA ALIYETUFUNDISHA KUPIMA MAFUTA KWA KAZI, SI KWA LITA

Leo naomba tuweke siasa pembeni, na mpira pia, nimzungumzie marehemu mmoja ambaye jina lake tumelitaja wote darasani bila hata kuuliza alikuwa nani. Ni James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1818 na kufariki mwaka 1889. Ndiye yule jouli wa kwenye kitabu cha fizikia. Na kabla hujasema habari hii haikuhusu, ngoja nikwambie: kama ningemwelewa vizuri huyu mzee mwaka 2006, nisingefunga biashara yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mliokuwepo Dar mwaka ule mnakumbuka, ukame ulikausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa wa kutisha. Mimi nilikuwa na steshenari ndogo: mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na printa. Nikakopa hela, nikanunua jenereta ya petroli. Hesabu yangu ilikuwa ya kienyeji tu: tangi linaingia lita kadhaa, lita ni bei fulani, basi. Nikapandisha bei ya kopi kidogo nikaona nimemaliza. Hata siku moja sikujiuliza ile lita inanipa umeme kiasi gani. Baada ya miezi mitatu mtaji umeisha, deni lipo pale pale, na jenereta nimeiuza kwa bei ya kutupa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila nilichokuwa naandika humo sicho.

Juzi limenirudia tena, safari hii nyumbani. Mama watoto anataka tuachane na mkaa tutumie gesi. Mama mkwe yupo kwetu kwa likizo, naye hataki kusikia. Pale uani kuna gunia la mkaa, tunaambiwa la kilo 50, limefungwa lumbesa hadi linaonekana kama mtu mnene aliyekaa. Mtungi wa gesi tunaotaka kununua ni wa kilo 15. Mama mkwe akasema macho tu yanatosha kuona kipi kingi. Mkwe habishiwi, si mnajua. Nikanyamaza, nikachukua kalamu na karatasi, na hapo ndipo nilipoanza kumsoma Joule upya. Ya mama mkwe tutayarudia mwishoni.

MTOTO WA KIWANDA CHA BIA

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, mji ulioshikana na Manchester. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha bia, na baba yake alikuwa mtu mwenye uwezo. Mtoto mwenyewe lakini alikuwa dhaifu, uti wa mgongo ukimsumbua, kwa hiyo alisomeshwa nyumbani. Mnamo mwaka 1834 yeye na kaka yake wakapelekwa kusoma kwa John Dalton, yule yule wa nadharia ya atomi. Mzee Dalton akawaanzishia hesabu kwanza. Kemia walikuwa ndo wanaigusa gusa mwaka 1837 mzee alipopatwa na kiharusi, masomo yakaishia hapo. Chuo kikuu hakusoma.

Alipokua akaingia kwenye kazi ya familia. Sasa, kupika bia ni kazi ya joto. Maji yakizidi moto kidogo, au yakipungua, pipa zima limeharibika na hela imekwenda. Mtu aliyelelewa pale anazoea vitu viwili: kusoma kipimajoto kwa makini, na kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Sayansi yake aliifanya asubuhi na jioni, kwa hela ya mfukoni mwake, kwenye chumba cha nyumbani. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililowafanya wakubwa wa sayansi wamdharau kwa miaka mingi. Walimwona mpika bia anayejifurahisha.

NDOTO ILIYOVUNJWA NA HESABU YAKE MWENYEWE

Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 19, Joule alichapisha maelezo ya mota ya umeme aliyoitengeneza mwenyewe. Siku zile watu walikuwa wamepagawa na umeme. Kulikuwa na imani kwamba mota itaifuta injini ya mvuke na makaa yake ya mawe, na Joule naye aliamini. Ni kijana wa kiwanda, kama angepata mashine ya bei rahisi kuliko mvuke angekuwa ametajirika.

Ila umeme wa siku zile haukuja kwa nyaya kutoka bwawani. Ulitoka kwenye betri, na ndani ya betri kulikuwa na zinki inayoliwa na asidi taratibu. Kwa maneno mengine zinki ndiyo ilikuwa mafuta ya ile mota. Unanunua zinki kama vile mwingine anavyonunua makaa ya mawe.

Hapa ndipo jamaa alipofanya kitu ambacho mimi sikukifanya na jenereta langu. Hakuuliza ratili ya zinki ni bei gani na ratili ya makaa ya mawe ni bei gani halafu akaishia hapo. Aliuliza kila moja inafanya KAZI kiasi gani. Kipimo chake kilikuwa rahisi: ratili ngapi zinaweza kuinuliwa juu futi 1. Kipimo hicho tukiite futi-ratili (ratili 1 ni kama gramu 454).

Mwaka 1841 akatoa majibu. Ratili 1 ya zinki kwenye betri ilimpa kama futi-ratili 331,400. Ratili 1 ya makaa ya mawe, kwenye injini bora za mvuke za kule Cornwall zilizokuwa zinavuta maji migodini, ilitoa kama 1,500,000. Makaa ya mawe yanashinda mara nne na nusu kwa uzito ule ule, na zinki ni ghali zaidi kwa mbali. Ndoto imekufa.

Wadau, fikirieni hapo. Kijana ameweka miaka yake mitatu kwenye ile mota. Angeweza kukaa kimya, akaendelea kuwauzia watu matumaini kama wanavyofanya wengi hadi leo. Badala yake aliwaeleza watu hadharani kwamba mashine yake haitaishinda injini ya mvuke. Mimi namheshimu Joule kwa hili kuliko hata kwa yale yaliyompa jina.

Na kuna jambo jingine limejificha kwenye zile namba. Kwa vipimo vya leo, futi-ratili 1,500,000 ni kama megajouli 2. Ratili ya makaa ya mawe mazuri, ikiungua yote, ina joto la kama megajouli 13 au 14. Kwa hiyo injini iliyosifiwa kuwa bora ilikuwa inapata sehemu moja tu kati ya saba. Sita zilizobaki zilikwenda wapi? Mwaka 1841 hakuna aliyeweza hata kuliuliza swali hilo sawasawa, kwa sababu joto lilikuwa na kipimo chake na kazi ina kipimo chake, na hakuna aliyejua moja inabadilishwaje kuwa nyingine. Ni kama mtu ana shilingi na mwingine ana dola, lakini bei ya kubadilishana haijulikani. Joule akaamua kuitafuta hiyo bei.

JOTO SI KITU CHA KUMWAGWA

Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini joto ni kama umajimaji fulani usioonekana, unaotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kwamba hauongezeki wala haupungui. Joule alikuwa ameshaanza kuwa na mashaka. Mwaka 1840 aliona kwamba waya unaopitisha umeme unapata joto kwa utaratibu maalum: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kanuni hiyo tunaitumia mpaka leo kila tunapochemsha maji kwa birika la umeme.

Baadaye akawa anazungusha mashine ya kufua umeme kwa nguvu ya vitu vizito vinavyoshuka, huku anapima joto linalotokea kwenye nyaya. Akaona joto lile halikuhamishwa kutoka popote. Limezaliwa pale pale, na kilicholizaa ni kazi ya vile vitu vizito kushuka. Mwezi Agosti 1843 akaenda Cork, Ireland, kwenye mkutano wa chama cha Waingereza cha kuendeleza sayansi, akawatajia namba yake ya kwanza: futi-ratili 838 ndizo zinazotosha kuipasha ratili 1 ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit. Ukumbi ukapoa. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliofuata Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi kule London, ikakataa kuchapisha kazi yake nyingine kuhusu joto la hewa inayokandamizwa.

Kusema ukweli, walikuwa na sababu ya kusita. Namba zake zilikuwa zinayumba. Akipitisha maji kwenye matundu membamba anapata 770, akikandamiza hewa anapata 798, na lile la kwanza lilikuwa 838. Pia alikuwa anadai kuona mabadiliko madogo mno ya joto, sehemu ndogo sana za digrii, na wengi hawakuamini kwamba kuna kipimajoto cha kuyaona hayo. Lakini yeye alikuwa na vipimajoto vilivyotengenezwa kwa umakini wa hali ya juu na fundi wa Manchester, John Benjamin Dancer. Na alikuwa na jicho la mpika bia.

CHOMBO CHA MAKASIA

Jaribio lililomfanya maarufu lilikuwa hivi. Chukua chombo cha shaba kilichojaa maji. Ndani yake weka mhimili wenye makasia, kama mwiko wa kukorogea uji wenye mabawa mengi. Mhimili ufunge kamba mbili zinazopita kwenye makapi, na mwisho wa kila kamba ning'iniza kipande kizito cha risasi. Vipande vikishuka, kamba zinazungusha makasia, maji yanakorogwa. Vikifika chini unavipandisha tena, vinashuka tena, kama mara 20 hivi. Halafu unasoma kipimajoto.

Maji yalikuwa yamepanda joto kama nusu digrii ya Fahrenheit tu. Ukiingiza mkono husikii kitu. Lakini uzito unaujua, umbali wa kushuka unaujua, maji umeyapima, kwa hiyo bei ya kubadilishana unaipata.

Mwezi Aprili 1847 alitoa mhadhara mjini Manchester, kanisa la St Ann's, akaeleza wazo lake lote: nishati haipotei, inabadilika sura tu. Na hapa sisi watu wa habari tutembee kifua mbele kidogo, kwa sababu mhadhara ule ulichapishwa wote na gazeti la mjini, Manchester Courier, ambalo kaka yake alikuwa akiliandikia habari za muziki. Gazeti la kawaida kabisa ndilo lililobeba moja ya habari kubwa za sayansi za karne ile.

Mwezi Juni mwaka huo huo akaenda Oxford kwenye mkutano mwingine wa chama kile. Mwenyekiti akamwomba afupishe maneno. Ingekuwa yale yale ya Cork, ila safari hii kwenye viti alikaa kijana wa miaka 23, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Kijana akauliza maswali, watu wakageuza shingo. Kuanzia siku ile Joule hakuwa peke yake tena.

Mwezi Agosti akamwoa Amelia Grimes. Wakaenda fungate milima ya Alps, upande wa Chamonix, na huko Thomson akakutana nao njiani kwa bahati. Thomson alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alimkuta bwana harusi ameshika kipimajoto kirefu, anataka kupima kama maji ya maporomoko yana joto zaidi chini kuliko juu. Wapo wanahistoria wanaosema Thomson alitia chumvi, maana barua aliyoiandika siku zile inataja kukutana kwao lakini haitaji kipimajoto. Hata kama ametia chumvi, hesabu yenyewe ni ya kweli: maji yakianguka mita 427 na nishati yote ikabaki ndani yake, yanapata joto la digrii 1 ya Selsiasi.

Mwaka 1849 kazi yake iliwasilishwa Royal Society na Michael Faraday mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1850. Namba safari hii ilikuwa 772. Leo, kwa vyombo vyetu vya kisasa, tunasema 778. Mpika bia alikosea kwa chini ya asilimia 1. Mwaka ule ule wakampa uanachama wa Royal Society, wale wale waliomkatalia.

MISIBA, UBISHI NA NAMBA KABURINI

Maisha hayakumwendea vizuri hivyo. Mwaka 1854 mke wake alifariki, na mtoto wao wa tatu hakuishi. Joule akabaki mjane na watoto wawili, wa kiume na wa kike, na hakuoa tena. Miaka hiyo hiyo kiwanda cha bia kikauzwa.

Pia kulikuwa na ubishi wa nani alianza. Daktari mmoja Mjerumani, Julius Robert Mayer, alishaandika mwaka 1842 kwamba joto na kazi vinabadilishana, akatoa na namba yake. Mashabiki wa kila upande wakarushiana maneno kwa miaka. Kwa maoni yangu wote wawili wanastahili: Mayer aliliwaza jambo mapema, Joule akalipima mpaka ikawa haina ubishi. Royal Society nayo ilikuja kuwapa wote nishani ya Copley, Joule mwaka 1870 na Mayer mwaka 1871.

Yeye na Thomson walifanya kazi pamoja miaka kumi hivi, wakagundua kwamba gesi inayoachiwa kupita kwenye tundu dogo kutoka shinikizo kubwa kwenda dogo mara nyingi inapoa. Ugunduzi huo ulikuja kuwa msingi wa mashine za kugeuza hewa na gesi kuwa kimiminika.

Uzeeni hela ilipungua, na mwaka 1878 serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka ule ule alirudia jaribio la makasia kwa mara ya mwisho, akapata 772.55. Mwaka 1889 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ukakubali jina lake liwe kipimo cha nishati. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo akafariki, mjini Sale. Kaburi lake lipo Brooklands, na jiwe lake limechongwa ile namba 772.55. Wengine wanaandikiwa vyeo. Yeye kaandikiwa bei ya kubadilishana.

SASA TUBADILISHE SISI

Jouli moja ni ndogo sana, kwa hiyo kwenye mafuta tunatumia megajouli, yaani jouli milioni 1. Na uniti moja ya umeme, hii hii ya LUKU, ni megajouli 3.6. Ukishalijua hilo, kila mafuta unaweza kuyageuza kuwa uniti. Haya ni makadirio ya kawaida:

- Petroli, lita 1: megajouli 32, sawa na uniti 8.9
- Dizeli, lita 1: megajouli 36, sawa na uniti 10
- Mafuta ya taa, lita 1: megajouli 34.5, sawa na uniti 9.6
- Gesi ya mtungi, kilo 1: megajouli 46, sawa na uniti 12.8
- Mkaa mkavu, kilo 1: megajouli 30, sawa na uniti 8.3
- Kuni zilizokauka vizuri, kilo 1: megajouli 16, sawa na uniti 4.4

Ukikuta kitabu kingine kimeandika petroli 34 badala ya 32 usigombane na mtu. Mafuta yakiungua yanatoa mvuke wa maji, na ule mvuke unaondoka na joto lake. Wapo wanaolihesabu joto hilo na wapo wasiolihesabu. Mimi sijalihesabu, kwa sababu jikoni kwangu linapotelea hewani.

Angalieni na hili. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ukizipima kwa KILO zinakaribiana sana, zote zinacheza kwenye megajouli 43. Tofauti ya lita inatokana zaidi na uzito: lita ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli. Ndo maana nasema lita inadanganya.

Ili mpate picha ya ukubwa wa nishati hii: kuchemsha lita 1 ya maji ya chai kutoka digrii 25 hadi 100 kunataka megajouli 0.31. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiupandisha mita 3, ghorofa moja, umetumia jouli 1,470 hivi. Kwa hiyo chai ya lita moja ni sawa na kupandisha ule mfuko zaidi ya mara 200. Ndiyo sababu Joule aliteseka kuona nusu digrii.

Lakini hesabu haijaisha, kwa sababu kuna ile sehemu inayopotea. Jenereta ndogo ya petroli, ikifanya kazi vizuri, inageuza kama sehemu moja kati ya tano kuwa umeme. Kwa hiyo zile uniti 8.9 za lita moja zinabaki 1.8. Zilizobaki ni joto, moshi na kelele. Na ukiiwasha kubwa kwa ajili ya kompyuta mbili tu, unapata pungufu ya hapo. Kila mwenye duka achukue bei ya lita ya petroli ya siku hiyo, aigawe kwa 1.8, alinganishe na uniti ya LUKU. Kama mwaka 2006 ningefanya mstari huu mmoja wa hesabu, ningeona kwamba kopi moja inaniingizia hasara kabla hata sijawasha mashine.

YA MAMA MKWE

Turudi uani. Gunia la kilo 50 mara 30 ni megajouli 1,500. Mtungi wa kilo 15 mara 46 ni megajouli 690. Mama mkwe anaongoza kwa mbali, macho yake hayakumdanganya. Sasa tuingize jiko. Jiko la mkaa la kawaida linafikisha kwenye sufuria kama robo ya joto: zinabaki megajouli 375. Jiko la gesi linafikisha kama asilimia 55: zinabaki 380. Ngoma droo!

Kusema kweli niliumia. Mimi nilikuwa upande wa mama watoto na nilitaka gesi ishinde kwa mbali. Nikamkumbuka Joule na zinki yake, nikaisoma karatasi kama ilivyo, mbele ya wote wawili. Nikaongeza kwamba tukinunua jiko banifu la asilimia 35, mkaa unafika megajouli 525 na mama mkwe anashinda. Hapo sijataja msituni, ambako tanuri la udongo linakula kuni kilo 5 hadi 10 kutoa mkaa kilo 1. Hasara ile hatuioni kwenye gunia, lakini miti imeshakwenda.

Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo mimi na elimu yangu sikuliuliza: hizo kilo 50 nani kazipima?

Tukaazima mizani kwa muuza viazi jirani. Gunia likasoma kilo 38. Mara 30, mara robo: megajouli 285. Mtungi ukawa umeshinda kwa theluthi moja, na kwa bei za mtaani kwetu siku ile, theluthi hiyo ilitosha kuamua. Tunahamia gesi.

Ila mama mkwe akatoa sharti, na kwa heshima zote nimelikubali: mtungi nao upimwe kila unapoletwa. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwenye chuma chake, utoe kwenye uzito wote, kinachobaki ndiyo gesi uliyonunua. Joule hakuwahi kumjua mama mkwe wangu, ila nadhani wangeelewana.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Mwenye mizani nyumbani apime gunia lake leo, atuwekee kilo alizozikuta kwenye maoni hapo chini. Tujue tunauziwa nini.